Miezi 6 haifiki masika

Mhariri,

Kila Jumamosi gazeti lenu likifika dukani kwangu huanzia nyuma, kwenye kurasa za matangazo ya nyumba. Si kwamba nataka kununua. Deni la nyumba niliyo nayo litanimaliza kwanza. Nayasoma kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo, kuona sasa ni zamu ya nani. Na kila Jumamosi naona anga lile lile: samawati tupu bila wingu, nyasi zimekatwa, gari jeupe limeegeshwa mlangoni na magurudumu yake safi. Miaka yote hii sijaona nyumba hata moja ya Nairobi iliyopigwa picha mwezi wa Aprili.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hapa Utawala: vyerehani 3, wasichana 2 wa kunisaidia, na Januari naongeza mmoja. Kwa hiyo mniwie radhi nikianza na kaki. Kaki ya pamba, ile ya kaptura za wavulana, huja kwa jora ikiwa imenyooka kama karatasi. Ukiikata hapo hapo na kuishona, mama mtu atakulipa huku akitabasamu, na mtoto atapendeza siku ya kufungua shule. Ikifuliwa mara ya kwanza tu, kaptura imepanda mapajani na kifungo hakifiki tunduni. Ndiyo maana mimi huiloweka usiku kucha kwenye beseni, asubuhi naianika, naipiga pasi, halafu ndipo natia makasi. Nataka inywee ikiwa mikononi mwangu, si ikiwa kiunoni mwa mtoto wa watu.

Nyumba yangu, Mhariri, ilishonwa bila kulowekwa.

Tulipewa funguo tarehe 3 Juni 2022. Ni nyumba ya vyumba 3 vya kulala, ya ghorofa, katika mtaa wa nyumba 24 zilizozungushiwa ukuta mmoja wenye lango moja. Mzee wangu ni karani wa stoo upande wa mizigo kule uwanja wa ndege. Tuliweka akiba miaka 11, tukaongezea mkopo wa Sacco wa miaka 10. Na msidhani mkataba hatukuusoma. Wakili alitusomea ukurasa kwa ukurasa. Kifungu kimoja kilisema kwamba kasoro yoyote ikijitokeza ndani ya miezi 6 tangu kukabidhiwa nyumba, kampuni itairekebisha kwa gharama yake. Nilifurahi. Miezi 6 niliiona mingi. Mimi wateja wangu nawapa wiki 2.

Lakini kumbukeni mwaka huo ulivyokuwa. Mvua zilikuwa zimeanza kutukimbia tangu vuli ya 2020, na kufikia mwisho wa 2022 misimu 5 ilikuwa imefeli mfululizo. Kaskazini mifugo ilikufa kwa mamia ya maelfu. Sisi wa mjini ukame tuliusikia kwenye bei ya unga na kwenye mgao wa maji, basi. Huku pembeni mwa jiji nyumba zilikuwa zinaota kama uyoga wa ajabu usiohitaji mvua. Lori la kokoto lilipita popote lilipotaka. Mabonde madogo yalijazwa udongo, yakasawazishwa, yakapigwa vigingi. Nani angejua kuwa ni mabonde?

Kuna aliyejua. Agosti ya mwaka huo wafugaji walikuwa wameingiza ng'ombe mjini kutafuta majani, na siku moja mzee wa Kimaasai alisimama langoni kwetu na ng'ombe kama 15, mbavu zinahesabika. Aliomba maji ya ndama mmoja tu. Bawabu alikuwa ameshaanza kumfukuza, nikamwambia amwache. Nilitoa beseni langu, lile lile la kulowekea kaki, nikalijaza. Ndama akawa anakunywa, na mzee akawa anazitazama nyumba zetu moja moja, bila haraka. Kisha akanyoosha fimbo kwenye kona ya chini, ilipo nyumba yangu na nyingine 5.

"Mama, hapa sisi tulikuwa tunanywesha."

"Kulikuwa na kisima, mzee?"

"Si kisima. Maji yenyewe yalikuwa yanakuja kulala hapa."

Nilicheka. Nikamwambia, basi mzee, sasa tumelala sisi. Naye akacheka kidogo, kwa adabu tu, akamsukuma ndama wake wakaenda. Sikumuuliza hata ni miaka mingapi iliyopita.

Kilichotusumbua miezi hiyo kilikuwa baridi. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua hupitia upande wa kaskazini, na kufikia Desemba limeshahamia kusini. Haya tulifundishwa shule ya msingi, nami niliyasahau siku niliyomaliza mtihani. Dirisha la chumba chetu cha kulala linatazama kusini. Julai ya Nairobi mnaijua: wingu la kijivu tangu alfajiri, manyunyu usiyojua kama ni mvua au ni hewa tu imelemewa, nguo zinakaa kambani siku 3 na bado ukizishika ni baridi. Hata lile jua la muda wa saa moja linalojitokeza alasiri halikuwahi kufika chumbani kwetu. Viatu vya kanisani vya mzee wangu viliota kuvu la kijani ndani ya kabati. Niliripoti, na kwa haki ya Mungu kampuni ilikuja: kijana mmoja na ndoo ya rangi nyeupe. Akapaka juu ya kuvu, akaniomba nisaini karatasi. Wiki 3 baadaye kuvu lilikuwa limerudi juu ya rangi.

Hayo hayabomoi nyumba, yanakuchosha tu. (Ila nikiwa bado kwenye baridi: jamani, jiko la makaa lisilale chumbani na madirisha yamefungwa. Moshi wake usioonekana ndio unaoua, na kila msimu wa baridi tunasikia habari ya familia ambayo haikuamka.)

Kwa hiyo ndani ya miezi yangu 6 niliripoti kuvu, kitasa kilichotoka mkononi, na bomba la jikoni linalodondosha. Vuli ya mwaka huo ilipita kwa mvua za kuhesabu kwa vidole. Tarehe 3 Desemba 2022 kampuni ikawa haina deni tena kwetu, na mimi nikawa mwanamke mwenye nyumba isiyo na kasoro.

Ufa wa kwanza niliuona Februari 2023, kona ya sebule, unashuka kutoka kwenye dirisha kwa mshazari. Udongo wa huku kwetu, kuanzia Embakasi mpaka Ruai, na ukivuka kwenda Syokimau na Kitengela, ni ule mweusi wa kunata. Si kama ule mwekundu wa Karen na Kikuyu ambao maji huupitia kama chujio. Mweusi ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea. Kama kaki, ila kaki hunywea mara moja ikakoma. Huu unarudia kila mwaka. Kiangazi unapasuka ardhini mpaka unaweza kuingiza kiganja kizima. Masika unakuwa unga uliokandwa. Fundi anayejua kazi yake huuchimba wote akautoa, akashuka mpaka kwenye mwamba au changarawe ngumu, ndipo akaweka msingi. Asiyejua, au aliyeambiwa aharakishe, hukalisha nyumba juu yake. Basi nyumba hupanda na kushuka pamoja na udongo, tena si kwa usawa: kona moja inainuka, nyingine inabaki, na ukuta ulio katikati ndio unaolipa.

Mimi ufa wangu naupima kwa tepu ya kupimia wateja. Februari 2023, milimita 6. Mei mwaka huo huo, udongo ukiwa umeshiba, milimita 2, nikadhani umepona. Februari 2025, milimita 9. Nimeandika kwa penseli pale pale ukutani, tarehe na kipimo, kama ninavyoandika kifua na kiuno kwenye daftari. Mgeni akija Mei nikamwonyesha, haoni kitu. Ndiyo maana nacheka mtu akiniambia amekagua nyumba. Ameikagua mwezi gani?

Halafu ikaja vuli ya 2023, ile ya El Niño, na nyuma yake masika ya 2024.

Usiku mmoja wa wiki ya mwisho ya Aprili, yapata saa 8, niliamshwa na sauti chini. Si mlango, si dirisha. Ilikuwa choo. Choo cha chini kilikuwa kinagugumia kama mtu anayesukutua koo. Sisi huku hatuna bomba la maji taka la jiji. Kila nyumba ina tangi lake chini ya ardhi na shimo la kufyonza. Sasa shimo la kufyonza ndani ya udongo mweusi ulioshiba litafyonzea wapi? Lilijaa, tangi likajaa, na maji yakarudi yalikotoka. Kwa hiyo watu walioweka magunia ya mchanga mlangoni walikuwa wamefunga mlango dhidi ya adui aliye tayari jikoni. Yale ya nje yalifuata baadaye, kupitia mlango wa nyuma, ya rangi ya chai ya maziwa. Yakakutana na yale ya chooni katikati ya sebule.

Chini ya ngazi nilikuwa na majora 9 ya vitambaa. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili na oda zangu zote zilikuwa za wiki hiyo. Asiyeshona hajui kwamba kitambaa hunywa maji kwenda juu. Maji yenyewe yalinifika kwenye kifundo cha mguu, hayakuzidi hapo. Lakini majora yalisimama wima, na kulipokucha kila moja lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Lile la maruni lilikuwa limemwaga rangi yote kwenye jora jeupe la mashati lililoliegemea. Niliyapindua, nikayabeba mmoja mmoja kwenda juu kama watoto waliolala, huku mzee wangu akiwa amesimama kwenye ngazi na tochi ya simu, hasemi neno. Shule zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Wazazi walilalamika. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikashona usiku na mchana.

Sijilinganishi na mtu. Wiki hizo hizo kuna watu Mathare na Mukuru waliopoteza watoto, na kule Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 watu walisombwa wakiwa kitandani. Kisha ikatoka amri ya kuhama mita 30 kutoka mtoni, matingatinga yakafuata mkondo ule ule wa maji, kwa watu wale wale. Mimi nilipoteza zulia na vitambaa. Lakini kila mtu na aandike lile analolijua, na mimi najua mkataba wangu.

Nilitafuta gari la kunyonya maji taka. Lilipofika, dereva alisimama lami inapoishia, akashuka, akaitazama barabara yetu, akarudi garini. "Mama, hapa nikiingia leo nitatoka Juni." Tulikaa siku 6 tukienda haja kwa jirani wa upande wa juu, tukiwa na viatu vya mpira, mwavuli na aibu. Boda boda waliokuwa wakichukua Sh 50 kutoka lami walitaka 150, na siwalaumu. Pale stendi kina mama walishakaa na mabeseni, wanaosha viatu vya wanaokwenda kazini, Sh 20 jozi. Wao ndio waliokuwa na msimu mzuri.

Kampuni nilipoipigia, msichana mwenye sauti nzuri aliniuliza tarehe niliyopewa funguo. Nikamsikia anabonyeza vitufe. "Muda wako wa kuripoti uliisha Desemba 2022, mama." Akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote la kunisaidia. Wakili naye alinieleza kwamba kasoro iliyofichika inaweza kupelekwa kortini, lakini nitahitaji ripoti ya mhandisi, uchunguzi wa udongo, na subira. Nilipopiga hesabu ya hiyo subira, niliona kesi itaimaliza nyumba kabla ya maji.

Hesabu nyingine niliipiga mwenyewe, kwenye karatasi ya kukatia mitindo, nayo ndiyo imenifanya niandike. Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kilele. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukipewa funguo siku yoyote kuanzia tarehe 1 Juni hadi mwisho wa Agosti, miezi 6 inaisha kabla ya tarehe 1 Machi. Yaani kampuni haitajibu hata kwa tone moja la masika. Utawarudisha kwa ajili ya vitasa na rangi, na siku nyumba itakapofanyiwa mtihani wake wa kwanza wa kweli, mwalimu ameshakwenda zake. Kati ya nyumba 24 za mtaa wetu, 19 zilikabidhiwa kati ya Juni na Agosti. Sisemi ilipangwa hivyo. Matope hukauka Juni, barabara ikapitika, wateja wakaja, na kalenda ikafanya yaliyobaki.

Aliyepewa funguo Desemba naye ana lake. Ataiona masika, sawa, lakini kuvu huja Julai, na Julai yake imeshatoka nje ya mkataba. Hakuna namna ya kukata miezi 6 ikatosha misimu yote ya Nairobi, kama ambavyo hakuna namna ya kutoa suti kwenye mita moja.

Ninachotaka ni miezi 12. Nyumba mpya inayouzwa katika jiji hili, aliyeijenga aijibie mwaka mzima, haidhuru funguo zimetolewa tarehe gani. Kwa msingi na maji taka ningetaka zaidi, lakini nianze na kinachowezekana. Wabunge wanaweza kuliandika hilo, na Chama cha Mawakili, ambacho masharti yake ya mauzo ndiyo mawakili wengi huyaegemea, kinaweza kulisukuma kabla ya wabunge hawajaamka.

Najua jibu litakalokuja: bei itapanda. Mjenzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinijibu hivyo hivyo nikiwa nampima mwanawe. Nikamuuliza, kaptura hii ya Sh 650 ikinywea mwezi ujao utanirudishia? Akasema atairudisha. Na nikikwambia muda uliisha? Akacheka, lakini hakujibu. Kuloweka kaki kunanigharimu maji, siku moja na makaa ya pasi. Kila mwaka gharama hiyo imo ndani ya bei, na hakuna mzazi aliyewahi kunikimbia kwa sababu yake. Ikiwa kuchimba udongo mweusi mpaka mwisho kunapandisha bei, basi ile bei ya chini tuliyolipa haikuwa bei ya nyumba. Ilikuwa ya kuta.

Sitajifanya mtakatifu. Jirani yangu wa nyumba ya tatu alitangaza yake Mei 2024. Mnunuzi wa kwanza gari lake lilikwama kabla halijafika langoni, akavutwa na vijana, akaondoka bila kuona hata sebule. Wa pili alitaka apunguziwe milioni nzima. Jirani akaitoa sokoni, akangoja. Septemba, nyasi zimeanza kukauka, akapaka rangi mpya, tena kwa akili: mita moja kutoka chini tu, kuzunguka nyumba nzima, rangi ya kijivu kama urembo, ili mstari wa maji usionekane. Kisha usiku mmoja akatuandikia kwenye kundi letu la WhatsApp. Kesho kuna mteja, naomba kila mmoja aondoe magunia ya mchanga mlangoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa safi.

Nami yangu niliyaondoa. Nilijiambia kwamba nyumba ya jirani ikiuzwa bei nzuri na yangu inapanda.

Mnunuzi alihamia Januari na mke na watoto 2, watu wapole. Katikati ya Aprili alinigongea mlango saa 10 alfajiri, suruali imekunjwa mpaka magotini. "Dada, samahani kwa usumbufu. Hivi magunia ya mchanga huku mnanunua wapi?" Nikamwambia asinunue, nina ya ziada. Nilimfungulia stoo nikamwangazia. Yalikuwa pale yamepangwa, na matope ya mwaka uliotangulia yamekaukia juu yake. Aliyatazama kidogo. Hakuniuliza kitu, na sikumwambia kitu. Tuliyabeba pamoja.

Labda magunia yale niliyoyaondoa Septemba ndiyo sababu binti wa kaka yangu alipopata nyumba Ruai, Februari 2025, nilimganda kama ruba. Yeye aliiona kwenye jua kali. "Shangazi, barabara nzuri, hata vumbi si nyingi." Nikamwambia siendi kuiona na sitaki picha. Kawaida unalipa asilimia 10 unapotia saini na salio ndani ya siku 90. Ukitia saini Februari, siku 90 zinakupeleka mpaka Mei. Muuzaji mwenyewe amekupa masika bure. Shida ni kwamba watu wengi hulipa salio mapema ili wahamie, au hukaa nyumbani wakingoja wakili apige simu. Nilimwambia wakili wake aandike kwamba ataikagua nyumba tena baada ya mvua kubwa, kabla ya salio, na kasoro atakayoikuta irekebishwe kwanza. Wakili wa upande wa pili alikipinga kifungu hicho wiki nzima. Mwishowe muuzaji mwenyewe akasema aandikiwe, hana la kuficha.

Tulikwenda Aprili 24, mvua ya usiku kucha ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Sikuanza na nyumba. Nilianza na mama anayeuza chapati nje ya lango, maana yeye hauzi nyumba. Nikazunguka nyuma ya ukuta wa mpaka, upande ambao hakuna anayeupaka rangi, kutafuta mstari wa tope. Nikatazama milango ya majirani kama kuna aliyeinua kizingiti kwa matofali. Ndani nilifungua makabati nikaingiza kichwa, nikavuta pumzi. Binti akawa ananiomba radhi kwa macho kwa mwenye nyumba. Nikaingia choo cha chini nikavuta maji mara 3 nikisikiliza.

Nyumba ilikuwa kavu kama biskuti. Mwenye nyumba alitutolea chai, akasema alipojenga alichimba mpaka mafundi wakamwita mwendawazimu, na akatuonyesha picha za shimo kwenye simu, ameziweka miaka 7. Binti alilipa bei yote iliyoandikwa, bila kuomba kupunguziwa hata shilingi. Nimemsikia akisema angelipa hata zaidi, lakini hilo nilimwambia asiliseme mbele ya mwenye nyumba.

Sasa ni Februari tena. Ufa wangu uko wazi, kurasa zenu za nyuma zimenona, na Machi iko mlangoni. Miezi 12 nimeshaiomba kwa wanaohusika na najua itachukua muda wake. Kwenu nina ombi dogo ambalo halihitaji Bunge. Mkichapisha picha ya nyumba inayouzwa, andikeni chini yake ilipigwa mwezi gani. Neno moja tu. Nafasi ipo, pale chini ya gari jeupe.

Wenu,
Fundi wa sare za shule,
Utawala, Nairobi